Bati, Bembea na Jicho: Nani Huijua Mvua Kwanza?

Maneno haya niliyasema Tukuyu, kwenye ukumbi uliojaa wakulima wa kakao waliopanda kutoka Kyela, wakulima wa chai na viazi wa Rungwe, na wanafunzi wa sekondari waliokaa nyuma kwa sababu viti vya mbele siku zote ni vya wakubwa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nilichoondoa ni kikohozi na ule ugomvi wetu na kipaza sauti.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Meza kuu, itifaki imezingatiwa.

Nimeitwa kuzungumza juu ya vipimamvua. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, katika hivyo vidude vyako vya nyuma ya nyumba, kipi kinaijua mvua mapema kuliko vingine?" Nikamjibu papo hapo: bati. Akacheka sana. Alidhani namtania kwa kuwa nimestaafu na sina kazi. Sikuwa natania, na muda niliopewa hapa nitautumia kulitetea jibu langu, kisha nitalivunja mwenyewe.

Mnajua jinsi inavyokuwa. Umelala mchana, Jumapili, umeshiba. Juu ya bati linadondoka tone moja: ta! Kimya. Halafu ta, ta! Kabla hujafumbua macho, mama mwenye nyumba ameshatoka kuanua nguo na watoto wanakimbilia mahindi yaliyoanikwa. Sasa nendeni mkakitazame kipimamvua changu cha umeme, kile kilichonigharimu fedha ya pensheni. Nguo zimeshaanuliwa, zimeshakunjwa, zimewekwa kitandani, na chenyewe bado kinasema milimita 0.0.

Kwa nini? Hapo ndipo penye hesabu, na mtanisamehe, nilifundisha fizikia miaka mingi, siwezi kuzungumza bila hesabu.

Nyuma ya nyumba yangu nimevisimika vitano kama mtu apandavyo miche, vyote ndani ya uzio mmoja, mbali na migomba na mbali na ukuta. Wa kwanza ni mzee wao, kipimo cha shaba, mdomo wake una upana wa milimita 127, yaani inchi 5 za Mwingereza. Ndani yake kuna chupa. Huyu mzee hasemi mpaka aulizwe, na huulizwa mara moja kwa siku, saa 3 asubuhi, unapomimina maji kwenye silinda ya kupimia na kuinama mpaka jicho lako liwe sawa na usawa wa maji. Kwa kiasi cha mvua namwamini kuliko wote. Lakini mwulize mvua imeanza saa ngapi. Iwe ilianza saa 10 jioni au saa 8 usiku, kwake ni maji yaleyale. Basi kwa swali la leo tumweke pembeni kwa heshima zote.

Wa pili ndiye anayeuzwa zaidi siku hizi. Wanafunzi wangu walimpa jina la bembea, na jina limemkaa. Juu kuna mdomo wa mviringo na faneli. Chini ya faneli kuna vijiko viwili vilivyotengwa na ukuta mmoja katikati, vimekaa juu ya mhimili kama watoto wawili juu ya ubao wa bembea. Maji yanaingia kijiko cha kushoto. Kikishajaa kiasi kilichopangwa, ubao unalala kushoto, maji yanamwagika, na kijiko cha kulia kinapanda kupokea zamu. Kila ubao unapolala, sumaku ndogo inapita mbele ya swichi, na saa inaandikwa. Wazo lenyewe si la jana: Christopher Wren, yule msanifu majengo wa Uingereza, alibuni kipimo cha kupinduka namna hii mwaka 1662.

Vingi vya aina hii vimepangwa vipinduke kila inapofika milimita 0.2 ya mvua. Ukiisikia 0.2 unaona ni kitu kisicho na maana. Hebu tukigeuze kiwe maji. Mvua ya milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba; hilo vijana mnalijua. Kwenye mdomo wenye upana kama wa mzee wa shaba, milimita 0.2 ni mililita 2.5 hivi. Nusu ya kijiko cha chai. Bado ni kidogo? Sasa chukua tone la mvua lenye upana wa milimita 1, tone la kawaida kabisa la mvua ya hapa kwetu. Ujazo wake ni kama nusu ya milimita moja ya ujazo. Gawanya mwenyewe. Utapata matone kama 4,800.

Matone 4,800 yameshaingia ndani ya mdomo ule ule, na kifaa kinaapa kwamba hakuna mvua.

Kwa saa inakuwaje? Mvua ya milimita 1 kwa saa, ambayo mtu wa Tukuyu anatembea nayo bila mwavuli, inahitaji dakika 12 kukijaza kijiko kimoja. Ikiwa ni nusu milimita kwa saa, dakika 24. Lakini ikishuka ile mvua yenyewe, ya milimita 60 kwa saa, ambayo hata ng'ombe wanaikimbia, bembea inapinduka kila baada ya sekunde 12. Shikeni hilo la sekunde 12, tutalirudia.

Na sijamaliza ubaya wake. Kabla ya kijiko kuonja maji, faneli nalo linakunywa. Limepigwa jua wiki mbili, limejaa vumbi jekundu. Matone ya kwanza yananata ukutani, yanatawanyika, mengine yanakauka palepale. Mimi na wanafunzi tulifanya hivi: tulichukua bomba la sindano la mililita 5, lisilo na sindano, tukadondosha maji tone kwa tone kwenye faneli kavu, mmoja anahesabu kwa sauti. Kisha tukarudia faneli likiwa limelowa. Jaribuni wenyewe. Mkiona tofauti hamtaniuliza tena kwa nini mvua ya kwanza baada ya kiangazi "inachelewa" kwenye karatasi.

Halafu kuna ujanja wa kinyume. Mvua ya jana iliisha kijiko kikiwa kimejaa karibu kupinduka. Usiku ulikuwa baridi, maji hayakukauka. Leo yanadondoka matone machache tu, na bembea inalala mara moja! Mgeni atasema kifaa hiki ni hodari, kimewahi. Hakijawahi chochote, kimemalizia kiporo cha jana. Ukiziweka bembea mbili za kiwanda kimoja, za bei moja, ubavu kwa ubavu, moja inaweza kuitangulia mwenzake kwa dakika nyingi kwa sababu ya kiporo tu. Kwa hiyo kijana yeyote anayetaka kulinganisha, kwanza avimwage vijiko vyote na kuvipangusa, ndipo asubiri mvua.

Nimesahau nyigu. Mwaka mmoja nilikaa karibu mwezi mzima nikijiambia mwaka huu mvua imegoma, huku viatu vyangu vimelowa kila siku. Nilipofungua faneli nikakuta nyigu amejenga nyumba ya udongo kwenye tundu, nyumba nzuri kweli, ina vyumba. Mzee wa shaba ndiye aliyenistua, kwa sababu yeye alikuwa na maji chupani kila asubuhi na mwenzake anasema sifuri. Tangu siku hiyo siamini kipimamvua kinachoishi peke yake.

Wa tatu tunamwita ngoma. Hana faneli wala kijiko. Ana kifuniko kigumu kilichotuna kidogo, na chini yake kuna kipande kinachotoa umeme kidogo kinapotikiswa. Tone likigonga, kinasikia. Likiwa kubwa kinasikia zaidi. Huyu ana haraka. Tone la milimita 2 linashuka kwa mwendo wa mita 6 na nusu kwa sekunde, kishindo chake kinatosha kabisa. Shida yake ni manyunyu. Wataalamu huita manyunyu yale matone yaliyo chini ya nusu milimita, na hayo yanatua juu ya ngoma kama unga. Hakuna kishindo. Na Tukuyu, ndugu zangu, bila manyunyu tungekuwa Dodoma. Upepo na matawi nao wana maneno yao: kwa ngoma, punje ya mchanga iliyorushwa na upepo nayo ni mvua.

Wa nne ni jicho. Ni kuba dogo la plastiki angavu, kama nusu ya chungwa dogo. Ndani yake kuna taa isiyoonekana kwa macho yetu, na mwanga wake unagonga kuta za kuba na kurudi ndani, unagonga na kurudi, mpaka kwenye kipokezi. Tone likitua juu ya kuba, pale lilipokalia mwanga unapata njia ya kutoka. Kipokezi kinaona mwanga umepungua, basi. Magari yanayojifutia kioo yenyewe mvua ikianza yanatumia ujanja huuhuu. Tone moja linatosha, na jibu linakuja ndani ya sekunde.

Wa tano ni kibao, na ndiye wa bei ya chini kuliko wote. Nyuzi mbili za shaba zimechorwa juu ya kibao kama vidole vya mikono miwili vilivyopitana bila kugusana. Tone likiangukia katikati, linaunganisha nyuzi mbili, umeme unapita, kengele inalia. Kijana wa kidato cha tatu anaweza kukitengeneza. Shule moja ninayoifahamu ilinunua kimoja, sitaitaja shule wala muuzaji. Kiliachwa na umeme mchana na usiku, na umeme ukipita kwenye maji juu ya shaba unaila shaba yenyewe. Msimu haukuisha, nyuzi zikawa kijani, kisha zikakatika. Dawa yake ni kukiwasha kwa mipigo mifupi, sehemu ndogo ya sekunde kila baada ya muda, badala ya kukiacha kimewaka.

Wako wengine ambao sina. Kuna vinavyopima mvua kwa mizani: ndoo imekaa juu ya mzani na uzito unaandikwa. Vinapima vizuri sana, lakini upepo ukipita juu ya ndoo mzani unatikisika, kwa hiyo vingine hutulia dakika kadhaa kuhakikisha kuwa ni maji kweli kabla ya kusema. Na kuna vya mwale wa leza, tone likikata mwale linaacha kivuli. Ukubwa wa kivuli unasema ukubwa wa tone, na muda wa kivuli unasema mwendo wake. Bei yake msiniulize hapa mbele ya mke wangu.

Sasa mnaweza kuniambia: mwalimu, jibu ni jicho au kibao, bati linatoka wapi?

Turudi kwenye hesabu. Mvua haianzi kwa ukamilifu wake, inaanza kwa kubahatisha. Tuseme ni ile mvua ya matone makubwa na machache, tone la milimita 2, na kwa kila mita moja ya mraba yanaanguka matone matatu kwa sekunde. Jicho langu ni dogo, uso wake ni kama sentimita 20 za mraba. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, kwa hiyo jicho ni sehemu moja katika 500. Litapata tone lake la kwanza baada ya karibu dakika tatu, kwa wastani. Linaona upesi sana, lakini linasubiri kupigwa. Bembea usiiulize: mvua ya namna hiyo ikiendelea hivyohivyo, kijiko kitajaa baada ya saa nne na zaidi.

Na bati? Nyumba ya kawaida ina bati la mita za mraba 40, tuseme. Matone matatu mara 40 ni 120. Matone 120 kila sekunde, juu ya kichwa chako, na sikio lako linangoja. Bati ni pana mara 20,000 kuliko jicho. Ndiyo maana mama anawahi kuanua nguo. Kifaa kinashinda kwa mambo mawili: kinahitaji maji kiasi gani ili kiamini, na kimefungua mdomo kiasi gani. Bati linaamini kwa tone moja, na mdomo wake ni nyumba nzima.

Niliahidi kulivunja jibu langu, na ninalivunja kwa manyunyu. Nani hapa amewahi kuamka asubuhi, hakusikia chochote usiku kucha, akafungua mlango akakuta uwanja umelowa? Mikono ni mingi. Manyunyu hayapigi bati. Bati linakuwa kiziwi kama ngoma, kwa sababu ileile. Katika mvua hiyo kibao ndicho kinachoshinda. Chukua manyunyu ya milimita 0.2 kwa saa, matone ya milimita 0.3: kwenye kibao kisichozidi ukubwa wa jicho yanatua matone saba au manane kila sekunde. Moja peke yake halifikii nyuzi zote mbili, lakini muda si muda yameungana. Bembea kwa mvua hiyo inahitaji saa nzima.

Kwa hiyo mtu akikuambia kifaa fulani kinawahi, mwulize kwa mvua ipi. Mtu wa Usangu, ambako mvua huja na vumbi na matone kama kokoto, atakipenda kimoja. Mtu wa hapa, ambako mlima Rungwe ukishajifunika hatujui kama ni ukungu, ni manyunyu au ni mbingu imesahau kufunga mlango, atapenda kingine. Wote wawili wako sahihi.

Kibao nacho kina lake. Umande. Asubuhi ya Julai hapa kwetu, hakuna wingu hata moja, kibao kinalia kama mtoto. Kwa hiyo vibao vilivyo bora huwekewa kipasha joto kidogo kwa chini ili umande usikae. Jicho linadanganywa na buibui, na ndege anayetua juu yake, na kile anachoacha ndege akiondoka. Unaweza kukiambia kifaa kisiseme mpaka kimehesabu matone matano ndani ya nusu dakika. Uongo utapungua, lakini kitachelewa. Hapo kila mtu achague mwenyewe anachokivumilia zaidi, kuamshwa bure au kuloweshwa. Mimi kwa umri wangu naona bora kuloweshwa.

Jambo dogo kwa vijana wa nyuma, ambao naona mmeanza kuandika. Mkitaka kulinganisha vifaa viwili kwa sekunde, hakikisheni saa zake zinasema kitu kimoja. Nilikaa siku kadhaa nikifurahi kwamba ngoma inaitangulia bembea kwa dakika nne juu, hata mvua ikiwa kubwa. Nilipokuja kuzitazama saa, ya ngoma ilikuwa nyuma dakika nne. Na msiziweke moja shuleni na nyingine nyumbani. Mvua ya mlimani inaweza kulowesha upande mmoja wa barabara na kuuacha mwingine, mnalijua hilo kuliko mimi.

Sasa niseme na watu wa Kyela, maana wamepanda mlima kunisikiliza na hawakupanda kwa ajili ya manyunyu ya Tukuyu.

Kakao yenu mnaivundika, mnaitoa, mnaitandaza juu ya vichanja. Inahitaji jua la siku nyingi mpaka ikauke vizuri, na ikilowa katikati ya safari inaota ukungu na mnunuzi anakunja uso. Mwenyekiti wenu aliniambia anataka kengele inayolia mvua ikianza. Nzuri. Kibao kimoja, betri ya pikipiki, king'ora, gharama si kubwa. Lakini nilimwuliza: kufunika vichanja vyote kwa turubai kunachukua muda gani? Alinijibu, kama watu wapo, dakika kumi.

Basi kengele hiyo, hata ingekuwa ya leza, imechelewa dakika kumi. Kifaa cha kuijua mvua kinaijua ikiwa imeshafika, na ikishafika imeshalowesha. Kubishana kama ni sekunde moja au sekunde ishirini ni kubishana juu ya nani alikuwa wa kwanza kumwona mwizi akiwa tayari yuko jikoni.

Kumbukeni zile sekunde 12. Ile bembea niliyoitukana tangu nianze, kwenye mvua kubwa haicheleweshi kitu. Mvua ya milimita 30 kwa saa inaipindua ndani ya sekunde 24. Sasa usiiweke kwako. Iweke kwa shemeji yako, kilomita 5 upande ule mvua inakotoka. Kila kijiji kinaujua upande wake. Wingu likitembea kilomita 20 kwa saa, litachukua dakika 15 kutoka kwa shemeji mpaka kwenye kichanja chako. Toa ile nusu dakika ya bembea, toa na dakika moja ya ujumbe wa simu kufika. Umebaki na dakika 13 na ushee, na kazi yako ni ya dakika kumi. Kifaa kizito kilichokaa mahali pazuri kimekishinda kifaa chepesi kilichokaa kwako. Na kama shemeji hana bembea, ana bati na ana simu. Mpigie akupigie. Mawingu mengine yatageuka njiani, utafunika kakao bure, utamlaumu shemeji. Hiyo nayo mzungumze kabla.

Wakulima wa mahindi nawaona mnanitazama kwamba haya hayawahusu. Ninyi swali lenu la kuanza kwa mvua ni jingine kabisa, ingawa maneno ni yaleyale. Mnauliza msimu umeanza lini, nipande au nisubiri. Kwetu msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili kwa kawaida, na Novemba ina tabia ya kutoa mvua mbili nzuri kisha ikanyamaza mpaka mbegu ioze au imee na kukauka. Kwa swali hilo jicho na kibao havina msaada wowote. Anayetakiwa ni yule mzee wa shaba niliyemweka pembeni. Watafiti wa kilimo katika Afrika hutumia sana kipimo cha namna hii: mvua ifike kama milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu, na baada ya hapo pasipite ukame wa zaidi ya siku saba hadi kumi katika siku 30 zinazofuata. Sehemu ya kwanza ya sharti hilo mzee wa shaba atakuambia asubuhi. Sehemu ya pili hakuna kifaa kitakachokuambia, kwa kuwa bado haijatokea, na hapo ndipo utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapoingia, pamoja na kuchimba udongo kwa jembe uone unyevu umeshuka kiasi gani. Haraka haikusaidii hapo. Anayepanda kwa ta-ta ya bati atanunua mbegu mara mbili.

Nilifungua nafasi ya maswali. Kijana mmoja aliuliza kama simu inaweza kuisikia mvua juu ya bati na kutuma ujumbe yenyewe. Nikamwambia inawezekana, na ajaribu, lakini aifundishe kwanza kutofautisha mvua na parachichi linalodondoka. Mzee mmoja akataka kujua bei ya leza, nikamtazama mke wangu, tukaendelea.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Kyela, amekaa kimya muda wote na mkoba mapajani. Akasema: "Mwalimu, bati lako nimelielewa. Lakini mwanangu amenijengea nyumba, ameweka dari, dari nzuri, nyeupe. Mvua inaanza, mimi nipo ndani sisikii kitu. Kakao imelowa mara mbili tangu nihamie."

Ukumbi ulicheka, na mimi nilicheka, lakini alikuwa ametaja kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa. Nilimwambia atafute debe tupu la mafuta ya kula, aliweke nje karibu na dirisha la chumba anacholala, mdomo chini, juu ya mawe matatu ili lisigusane na ardhi na sauti ipate kutoka. Akauliza moja linatosha? Nikapiga hesabu ya eneo kwa haraka, nikamwambia ayaweke manne.

"Na mbuzi?" akauliza.

Nikamwambia ayawekee uzio.